Moshi Chini ya Chokaa

Ukungu wa Hanang ukishuka mpaka mjini Katesh, vitu hupotea kwa mpangilio. Mlima hutangulia, kisha mnara wa kanisa, kisha mapaa ya bati ya sokoni. Ukuta wa ghala la mama mmoja aitwaye Natalia, unaotazama stendi, hupotea mwisho kwa sababu ni mrefu na uko karibu na barabara. Kwa miaka mingi kilichoonekana juu yake asubuhi kama hizo kilikuwa uso wa mwanamume, mkono wake wa kulia, na moshi uliotoka kwenye vidole ukaingia ndani ya ukungu wenyewe. Abiria waliokuwa wakisubiri basi waliutazama moshi huo na hawakuweza kuonyesha mahali ulipoishia.

Bonaventura, aliyeuchora, aliweza. Alikuwa fundi wa mabango, mtu wa Maretadu, kule milimani, aliyeoa Katesh. Moshi aliupata kwa rangi nyeupe, nyeusi kidogo na tone la bluu, akausugua kwa kitambaa kabla haujakauka ili usiwe na kingo. Alijua pia kwamba mtu akiutazama ukuta ule kwa muda mrefu, kwa njaa au kwa usingizi wa safari, kifua cha yule mwanamume huonekana kupanda na kushuka. Hilo halikuwa kusudio lake. Lilitokana na plasta kuwa na mawimbi.

Ilikuwa 1995. Maduka yalikuwa yamejaa tena baada ya miaka ya rafu tupu, na bidhaa zilikuja kwa wingi kuliko majina ambayo watu waliweza kukumbuka. Mtu wa kampuni ya sigara za Kilele alifika na pikapu, akashusha makopo ya rangi ya mafuta, akampa Bonaventura picha ndogo ya karatasi. Ilionyesha mzungu mwenye kofia juu ya farasi. Alieleza kwamba farasi hapa hana maana, fundi aweke mtu wa hapa, ila masharti yabaki yaleyale: mtu awe peke yake, awe amemaliza kazi yake, na asimtazame mnunuzi. Pakiti iwe ndogo, pembeni. Bonaventura alipouliza kama aandike ladha ya tumbaku au bei, yule mtu alicheka kwa upole, kama anayemsikia mtoto. Maneno yaliyotakiwa yalikuwa haya tu: KILELE. SIGARA YA MTU ALIYETULIA.

Mtu wa hapa alikuwa Gidamis, mdogo wa Kornelia, mke wa Bonaventura. Kwao ni Wabarabaigi wa tambarare, wafugaji, lakini Gidamis alikuwa ameiacha mifugo kwa kaka zake akawa utingo kwenye malori. Alikaa juu ya jiwe mbele ya ghala, shuka begani, akiutazama mlima, huku Bonaventura akipiga miraba ukutani kwa uzi wa chaki na kuhamisha uso wake mraba kwa mraba. Gidamis hakuwa mvutaji. Fundi alimpa kipande cha chaki akishike kati ya vidole viwili.

Kilichofuata hakikufanywa na ukuta, au hakikufanywa na ukuta peke yake. Watu walioshuka kwenye mabasi walimtambua. Walimpa sigara kama mgeni anavyopewa kiti. Alipokataa walimcheka, wakamuuliza huyo mtu aliyetulia leo ametulia wapi. Akaanza kuzipokea na kuzishika tu, kama alivyoshika chaki. Siku moja mtu fulani alikuwa na kiberiti. Hakuna aliyeikumbuka siku hiyo baadaye, hata Gidamis mwenyewe. Kornelia ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia kikohozi, naye alikisikia kwa mbali, kabla mdogo wake hajafika mlangoni.

Miaka ikapita. Arusha ikagawanywa, Manyara ikawa mkoa, ofisi zikafunguliwa Babati. Sheria ya tumbaku ikaja, na watu wa Kilele hawakurudi tena kuhuisha rangi. Yule mwanamume wa ukutani akafifia mpaka shuka lake likawa na rangi ya udongo, ila moshi haukufifia sana. Gidamis naye alikuwa sasa dereva wa Fuso. Alibeba mahindi na maharage kutoka Maretadu na Dongobesh, akayateremsha kwenye mteremko wa Dareda, akarudi na chumvi, mabati na watu waliokaa juu ya magunia.

Mkanda wa kiti chake ulikuwa chini ya kitambaa cha siti, umelaliwa na gunia tupu. Akimwona trafiki mbele aliuvuta akaulaza begani bila kuufunga, na baada ya trafiki aliuachia. Madereva wote walifanya hivyo, na sababu yao waliipata kwa mwenzao Yoakimu. Mwaka uliotangulia breki za Yoakimu zilikataa katikati ya Dareda. Alifungua mlango akaruka, akavunjika bega, akapona. Lori liliendelea peke yake na utingo wake, kijana aliyeitwa Sulle, ambaye alikuwa amelala juu ya magunia. Pale kijiweni stendi Yoakimu alisimulia kuruka kwake mara nyingi. Sulle hakuwapo kusimulia.

Masika yalikuwa yanakaribia, na Dareda ikilowa huwa kama sabuni. Kornelia alikuwa anachambua maharage uani, ungo magotini, alipomwambia mumewe bila kuinua kichwa:

"Ulimtia sigara mdomoni kwa brashi, Baba Eva. Mfunge mkanda kwa brashi hiyohiyo."

Bonaventura alisema rangi haifanyi kazi namna hiyo.

"Ilifanya," Kornelia alisema, na akatupa jiwe dogo nje ya ungo.

Bonaventura alianza kwa njia aliyoiamini zaidi, yaani kwa hoja. Alimkuta Gidamis stendi, mguu mmoja juu ya ngazi ya Fuso, akamweleza kwamba mtu anayeruka kutoka kwenye lori linalokimbia hana udhibiti wa mahali atakapoangukia, wala wa lori. Gidamis alimsikiliza kwa heshima yote anayopewa shemeji.

"Anayefungwa ni ng'ombe, shemeji. Breki zikikataa, mlango huu hapa, mguu huu hapa. Muulize Yoakimu."

"Nimemuuliza. Sulle sikuweza kumuuliza."

Gidamis akavuta moshi, akakohoa, akatabasamu. "Unaongea kama redio," alisema. "Kila neno kweli, na bado mtu anaizima alale."

Wiki hiyohiyo akaja Irene, afisa wa usalama barabarani kutoka Babati, dada kijana aliyepanda basi kama abiria wengine na kubeba bango lake likiwa limeviringishwa kwapani. Natalia alikuwa ameshakubali ukuta wake utumike. Irene alilikunjua bango juu ya boneti ya gari. Lilikuwa picha ya basi lililopinduka, damu barabarani, na kiatu cha mtoto. Bila kuulizwa alieleza kwamba limeshawekwa Babati, na kwamba watu walilitazama siku za mwanzo, kisha wakajifunza kutazama upande wa pili wa barabara. Wanawake waliwaziba watoto macho. Aliandika kuomba picha nyingine, akaletewa hiihii, kubwa zaidi.

Bonaventura alimweleza masharti ya yule mtu wa Kilele: peke yake, amemaliza kazi, asimtazame mnunuzi. Irene alifikiri kidogo. Alisema ofisi inadai maneno mawili tu, FUNGA MKANDA, na kwamba kuhusu picha hana amri yoyote iliyoandikwa. Akaliviringisha bango lake, akapanda basi la kurudi.

Kornelia alikuwa ameondoka kwenda kwa wakwe zake Maretadu kwa palizi ya maharage. Bonaventura alipiga msasa, akapaka chokaa, na yule mwanamume wa sigara akatoweka kama kila kitu kinavyotoweka Katesh, kuanzia juu. Gidamis alikubali kukaa tena. Safari hii alikaa ndani ya Fuso, mikono kwenye usukani, macho kwenye mlima, mkanda umelazwa begani kama mbele ya trafiki. Alisema kwa ajili ya picha hana shida, hata chaki aliwahi kuishika.

Uso ulikuja upesi. Mkanda ulikataa. Ulikuwa utepe wa kijivu, na kwa mbali ulionekana kama ufa kwenye ukuta. Bonaventura aliufuta, akaurudia, akaufuta tena. Siku ya tatu ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba akiwa juu ya ngazi hakuona ardhi. Aliegemeza paji la uso kwenye plasta ya baridi, brashi mkononi, na akiwa katika hali ile ambayo si usingizi wala si kuwa macho, alisikia wanawake wakiimba.

Alijua wanatoka wapi. Alikuwa mtoto, baba yake alikuwa amemleta tambarare kununua mtamba, na walisimama pembeni ya njia kupisha msafara. Mbele waliimba wanawake. Katikati alitembea kijana wa Kibarabaigi aliyekuwa ameua simba, akizunguka kwa ndugu zake kupokea ng'ombe. Alikuwa amevishwa mapambo ya kike, kama mzazi aliyetoka kujifungua. Alitembea polepole, hatazami mtu, na kifuani palikatiza mkanda wa ngozi wenye shanga kingoni na shaba iliyowaka kwenye jua. Mtoto aliyeshuka kutoka milimani hakuwa ameona kitu kizuri kuliko hicho.

Aliposhtuka brashi ilikuwa imekauka. Akachanganya rangi upya. Mkanda wa Gidamis ukawa wa ngozi nyeusi, na kingoni akaupigia nukta ndogo nyekundu, nyeupe na bluu, na penye kufuli akaweka manjano yaliyong'aa kama shaba. Ukungu ulipoanza kupanda, kitu cha kwanza kuonekana Katesh nzima kilikuwa mstari ule, umesimama hewani bila mtu.

Kwa Bonaventura, mtu wa Maretadu, lile lilikuwa pambo. Kwa ukoo wa mke wake lilikuwa ushahidi. Anayeuvaa mkanda ule anasema mbele ya watu kwamba ameua mnyama anayeua watu, na asiyeua haazimwi, hata kwa picha. Kornelia angemwambia hivyo kabla nukta ya pili haijakauka. Lakini Kornelia alikuwa Maretadu, na palizi haikuwa imekwisha.

Siku ya mnada wafugaji waliingia mjini kutoka pande zote za tambarare. Mmoja alisimama mbele ya ukuta, fimbo shingoni. Akamwita mwenzake. Baada ya muda mfupi barabara ilikuwa imejaa, na Gidamis aliposhuka kwenye Fuso alipokewa kwa vigelegele vya wanawake ambao hawakuwa wanamshangilia.

"Gidamis, umeua nini? Fuso?"

"Amegonga fisi, jamani, mpeni ng'ombe."

"Mpeni kuku, fisi mwenyewe alikuwa mzee."

Gidamis alipita katikati yao akiwa na uso wa mtu anayetembea kwenye maji marefu. Alifika kwa Bonaventura, aliyekuwa anasafisha brashi chini ya ukuta, akasema neno moja tu: futa. Bonaventura alihitaji dakika moja kuelewa na hakuhitaji maelezo. Alichukua ndoo ya chokaa, akapanda ngazi.

Wakati huo watu walipisha njia. Mjomba wa Gidamis na Kornelia, kaka mkubwa wa mama yao, alikuwa ameletwa aone. Katika ujana wake aliwahi kuua simba, na mkono wake wa kushoto haukunyooka tena tangu siku hiyo. Shikamoo zilimfuata kama upepo kwenye majani, naye aliziitikia zote, taratibu, mpaka akafika chini ya picha. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akainua fimbo yake kuelekea ngazini.

"Wewe wa juu, subiri. Anayefutwa aulizwe kwanza."

Bonaventura alisubiri, chokaa ikidondoka kutoka kwenye brashi. Mzee alimgeukia mpwa wake.

"Umeua nini?"

Gidamis alikuwa na sigara kati ya vidole, haijavutwa, na jivu lake lilikuwa limerefuka bila kudondoka. Kujibu kuwa hajaua kitu kungetosha kumaliza mambo. Chokaa ingeshuka, kicheko kingekwisha jioni, na mkanda wa Fuso ungebaki chini ya gunia mpaka Dareda ilowe. Bonaventura aliliona hilo vizuri kutoka juu, na hakuwa na la kufanya.

"Sijaua, mjomba," Gidamis alisema.

Mzee akasubiri. Labda ni kule kusubiri kulikomlazimisha aendelee, kwa kuwa jibu lenye neno moja lilikuwa limebaki hewani kama halijatosha. Gidamis alitazama ukuta, akatazama Fuso lake na magunia juu yake, kisha macho yake yakampita Yoakimu, aliyekuwa amesimama karibu na duka la chumvi.

"Nimeteremsha watu Dareda tangu mkoa huu haujakuwa mkoa. Kwenye mvua. Wanalala kule juu kwenye magunia, na mimi ndiye niliye macho. Sijaua hata mmoja." Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma maandishi ya mbali: "Mwenye mkanda haruki, mjomba. Anabaki na watu wake. Mkanda huo ni wa asiyeua."

Mtu mmoja alicheka, akaacha ghafla. Yoakimu alikuwa anatazama viatu vyake.

"Wa asiyeua," mzee alirudia.

"Wa asiyeua."

Mzee aligusa kifua chake mwenyewe, kwenye mstari ambao ngozi ilikuwa imepita zamani. "Wangu niliuvaa msimu mmoja, nikauvua," alisema. "Wewe wako utauvua lini?"

"Nikiacha kuendesha."

"Basi nitakuwa naangalia. Na hawa wote wamesikia." Akainua tena fimbo. "Shuka, fundi. Hiyo ndoo yako utamwagia nyumba nyingine."

Watu hawakutawanyika. Walimfuata Gidamis mpaka kwenye Fuso, maana alikuwa amesema jambo na sasa lilitakiwa kuonekana. Alipanda, akainua gunia, akainua kitambaa cha siti, akauvuta mkanda, nao ukatoka na vumbi la miaka. Kufuli lilikuwa limejaa maganda ya maharage. Alilichokonoa kwa kijiti cha kiberiti huku mnada mzima ukitazama kupitia madirisha mawili, na bibi mmoja akimshauri apulize. Alipuliza. Kufuli liliposhika, mlio wake ulisikika mpaka barabarani.

Kornelia alizipata habari akiwa bado njiani kurudi. Alipofika alisimama mbele ya ukuta na mzigo wake kichwani. Alimwambia mumewe kwamba angekuwepo asingemruhusu kamwe, na kwamba ni vizuri hakuwepo.

Irene alirudi baadaye akakaa kwenye benchi la Natalia siku nzima akitazama magari. Aliyoyaona aliyasema bila huzuni. Madereva wengi walifunga mkanda walipouona ukuta na wakaufungua baada ya kuvuka daraja la nje ya mji. Wachache walianza kutamba kijiweni kwamba na wao hawajaua, na hao waliufunga mpaka mwisho wa safari, kwa kuwa wenzao waliwachungulia. Yoakimu hakutamba, na hakuna aliyemuuliza. Gidamis hakuufungua popote. Hakuweza, hata kama angetaka. Dongobesh, Maretadu, Dareda, kila aliposimama mtu aliingiza kichwa dirishani kumuuliza kama ameshauvua, na habari ingemfikia mjomba kabla ya Fuso. Irene aliuliza aandike nini kwenye taarifa, kwamba picha imefanya kazi au haikufanya. Bonaventura alimshauri aandike aliyoyaona.

Kisha masika yakaja. Chokaa ni nyepesi, na rangi ya mafuta iliyo chini yake haikubali kufunikwa nayo. Kila fundi anajua hilo, na Bonaventura alilijua alipokuwa anapaka. Alikuwa na haraka. Mvua za kwanza zilipolowesha ukuta, moshi wa zamani ulianza kupanda. Ulitoka pale mkono wa mtu aliyetulia ulipokuwa, ukapita mbele ya usukani, ukazunguka bega la mwanamume mwenye mkanda, ukaingia kwenye mawingu. Bonaventura aliufunika. Baada ya wiki ulirudi, mwembamba zaidi na mrefu zaidi. Aliufunika tena, na mama Natalia akamshauri auache, kwani watu walianza kuuzoea.

Asubuhi moja yeye na Kornelia walikuwa wamesimama chini ya paa la ghala wakisubiri mvua ipungue. Fuso lilitokea upande wa Babati, taa zimewashwa. Liliposogea waliona mstari mweusi ukikatiza kifua cha Gidamis, umekaza. Aliwapigia honi. Mkono wake wa kulia ulikuwa nje ya dirisha na sigara ilikuwa ndani ya kiganja, ameikinga na mvua kwa uangalifu mkubwa. Kikohozi chake kilisikika juu ya injini.

"Umemfunga nusu," Kornelia alisema.

Bonaventura hakubisha. Alikuwa ameshalifikiria jambo hilo, na alijua kwamba safari hii haitahitaji ngazi wala rangi. Ingehitaji mtu wa kumuuliza Gidamis swali mbele ya watu na kusubiri jibu. Mtu huyo alikuwa mmoja tu katika ukoo wote, yule mjomba, naye alikuwa na kiko mdomoni tangu kabla Kornelia hajazaliwa.

Fuso liliingia kwenye ukungu, kwanza mkono, kisha magunia. Taa za nyuma zilibaki kidogo. Baada yake palionekana moshi tu, ule wa barabarani na ule wa ukutani, na kutoka pale waliposimama hata fundi hakuweza kuutenganisha.